Kasha Linaloitikia

Shemeji yangu mtaani wanamwita Kimya. Si kwamba ni mpole. Ni kwa sababu kila akiingia nyumba ya mtu akakuta redio inalia, atainua kidole na kusema, "Kimya kwanza!" Atainamisha kichwa, atasikiliza, halafu atakwambia redio yako inaumwa nini. Siku aliyokuja nyumbani kujitambulisha kwa wazazi, kabla hata hajaonja soda aliyowekewa, alimwambia baba kuwa feni ya dari inagonga. Kweli ilikuwa inagonga. Lakini jamani, hiyo ndiyo siku ya kusema? Baba alimwangalia, akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia sakafu kwa sababu kicheko kilikuwa kimenibana.

Alimwoa mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa mtangazaji wa lile gari linalopita mitaani na spika mbili za tarumbeta juu ya paa. Maji yatakatika kesho, chanjo inaanza Jumatatu, mtoto amepotea amevaa shati jekundu, yote hayo yalipita mdomoni mwake. Kimya ndiye aliyekuwa fundi wa zile tarumbeta. Aliniambia mwenyewe kwamba alianza kumpenda kabla hajaiona sura yake, na kila akimaliza kutengeneza alikuwa anaacha waya mmoja umelegea makusudi ili aitwe tena. Mwenye gari alidhani tarumbeta zimerogwa.

Sauti ya mdogo wangu ilikuwa nene kidogo, yenye kicheko chini yake hata anaposoma habari ya msiba. Yangu inafanana nayo. Tulipokuwa wasichana, vijana walikuwa wakipiga simu nyumbani wananimwagia mimi maneno matamu yaliyokuwa yake, nami nawaacha mpaka wamalize ndipo nawaambia wamekosea mtu. Tumezeeka hivyo hivyo. Mimi fundi cherehani, nina mdomo mrefu kuliko uzi wangu, na yeye ndiye aliyekuwa akilipwa kwa kusema. Watoto hawakupata. Nyumba yao ilikuwa ya watu wawili na kelele za mmoja.

Baadaye Kimya alipata kazi kwenye duka la spika za watu wenye nazo. Duka halina hata bango la maana. Unapanda ngazi, unafungua mlango mzito, unaingia chumba chenye kapeti ukutani kama vile sakafu imepanda juu. Kuna kochi moja katikati. Mteja anakaa, Kimya anasogeza spika upana wa kidole, anarudi nyuma, anasogeza tena. Mtu mzima, analipwa kusogeza makasha! Na spika mpya hawaziuzi hivi hivi, huzizoeza kwanza. Wanazisimamisha mbili uso kwa uso, waya za moja wanazigeuza, wanazifunika blanketi, zinapigiana muziki mchana kutwa na nje husikii karibu kitu, maana moja inameza sauti ya mwenzake. Siku niliyoona hayo nilimwambia mdogo wangu, "Hizi ni wewe na mumeo." Alicheka mpaka akakohoa, na akakohoa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Kile kikohozi ndicho kilichotupeleka hospitali. Sitaki kusimulia vipimo. Daktari, mama mmoja mwenye kusema taratibu, alitukalisha watu watatu kwenye viti viwili na kitanda, akasema ni saratani, na kwamba kisanduku cha sauti itabidi kitolewe chote. Uhai upo, alisema. Atapumua kwa tundu la shingoni, atakula, atatembea, atatikisa midomo na wanaomjua watamwelewa. Sauti ndiyo haitakuwepo. Upasuaji ulipangwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Akatuambia pia ile sauti iliyobaki tusiichoshe. Ilikuwa imeshaanza kukwaruza, asubuhi inatoka vizuri kiasi, ikifika mchana imebaki mnong'ono.

Nilitaka kupiga ukunga pale pale. Kimya alikuwa anaangalia tundu la kupitisha hewa darini, midomo imemkauka. Mdogo wangu ndiye aliyesimama wa kwanza, akamshukuru daktari, akachukua mkoba wake. Tulipofika kwenye korido akasimama karibu na ndoo ya mfagizi, akamshika mumewe kifungo cha shati.

"Nataka kitu kimoja tu," akasema. "Nikitoka humo ndani, nataka niwe na mahali pa kujisikia. Sio nyinyi mnisikie. Mimi. Siku nikikumbuka sauti yangu niende niisikie kama ninavyoisikia sasa. Wewe si ndio kazi yako?"

"Nitakufanyia," Kimya akasema. "Nakuapia nitakufanyia."

Basi. Hilo ndilo lililotupeleka kwenye chumba cha kapeti kila asubuhi wiki ile, kabla duka halijafunguliwa. Mimi niliacha nguo za watu zikinisubiri, wateja wakanitukana kwenye simu, nikawatukana na mimi.

Siku ya kwanza alimkalisha kwenye kochi, akamwekea maikrofoni mbele ya mdomo, akavaa visikilizio vikubwa masikioni, akafumba macho. "Sema," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Chochote ndio nini? Miaka yote nimesoma nilichoandikiwa."

Kimya akatupa macho huku na huku, akavuta boksi tupu la spika lililokuwa pembeni, akaligeuza upande wenye maandishi. "Soma hapo."

Mdogo wangu akasoma. "Shika kwa uangalifu. Upande huu juu. Usiweke mahali penye unyevu. Chaweza kuvunjika." Halafu, kwa ile sauti yake ya gari, akaongeza, "Wakazi wote mnaombwa kuzingatia!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka. Kimya akafungua macho. "Kimya kwanza! Usiongeze kitu, na wewe shemeji usicheke, kicheko kimeingia. Tena, tangu mwanzo."

Akasoma tena. Na tena. Nilidhani ni mzaha wa kuanzia tu, kwamba baadaye watasema mambo ya maana. Kumbe ndio ilikuwa kazi yenyewe. Yeye alitaka maneno yale yale kila mara ili apate kulinganisha spika na spika, na kwa fundi hilo lina akili. Kwa mtu aliyebakiwa na wiki moja ya kusema, mimi nakwambia ni wazimu.

Akaanza na spika ya tarumbeta, kitu kikubwa chenye mdomo uliopanuka, mbao zimeng'arishwa mpaka unajiona. Aliponyanyua sauti kidogo tu mdogo wangu akatujia usoni, mzima mzima, kama amesimama mbele yangu ameweka mikono kiunoni. Nilishtuka nikarudi nyuma. Ana nguvu, ana ukali, kila neno linakupata kifuani.

"Ni yeye huyo!" nikasema.

Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Huyo ni wa kwenye gari. Anatangaza. Mimi siko hivyo ndani."

Siku ya pili ilikuwa zamu ya spika za bapa, mbili, ndefu na nyembamba kama milango iliyong'olewa fremu zake. Ndani hakuna kasha wala koni, ile karatasi ya duara inayocheza na sauti, ni utando tu uliovutwa, unatetemeka kwa umeme. Loo, zile zilinitisha. Nilisikia midomo yake ikiachana. Nilisikia ulimi ukigusa meno kwenye neno "usiweke", nikasikia na mate. Lakini kifua hakipo. Ni mtu mwenye mdomo tu, anaelea. Na ukisogeza kichwa kidogo kutoka pale katikati ya kochi, anaondoka, anabaki kama yuko chumba cha pili.

"Unasikia pumzi hiyo?" Kimya alikuwa ameshika magoti, macho yamemtoka. "Hakuna spika nyingine inayokupa pumzi hiyo!"

"Naisikia," akasema mdogo wangu. "Lakini si mimi. Huyo ni mtu anayeniigiza, tena ni mwembamba."

Alijaribu kucheka, sauti ikakatika. Ilikuwa bado mapema, hata mfagizi wa duka hajafika. Nikampa maji ya uvuguvugu na nikamwambia Kimya inatosha kwa leo. Hakunisikia, alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika mojawapo anabadilisha waya.

Siku iliyofuata alileta zile nzito. Makasha madogo, meusi, lakini kulibeba moja walihitajika watu wawili, kuta zake zimejazwa sijui mawe sijui nini. Ukiligonga na kifundo cha kidole haliitiki, ni kama umegonga mlima. Alinieleza kwamba hiyo ndiyo sifa yake. Kasha halitakiwi kusema kitu, inatakiwa iseme koni peke yake, basi unapata kile kilichorekodiwa bila kuongezwa wala kupunguzwa. Halafu akafanya jaribio. Akavuta pazia mbele ya spika, akamweka mdogo wangu nyuma ya pazia hilo, mimi akanikalisha kwenye kochi. "Nitapiga rekodi, halafu atasema yeye mwenyewe, au nitaanza na yeye. Utaniambia yupi mtu yupi spika."

Nikasikia, "Shika kwa uangalifu." Kisha nikasikia tena, "Shika kwa uangalifu."

"Wa kwanza ndiye mtu," nikasema. Sikusita hata kidogo, na huyo ni mtu niliyemlea mgongoni.

Nilikosea. Wa kwanza ndiyo ilikuwa rekodi. Kimya aliruka kama kijana, akapiga makofi, akasema, "Umeona! Dada yake wa tumbo moja ameshindwa! Nimekupata, mke wangu, nimekupata!"

Pazia likatikisika. Mdogo wangu akatoka akiwa ameshika koo. "Lakini si mimi," akasema. Kwa mnong'ono, maana ndio uliobaki. "Na humo nasikia ugonjwa. Kila mkwaruzo. Nisiwekewe ugonjwa nikausikilize uzeeni."

Kimya alinywea. Alikaa chini kwenye kapeti na suruali yake ya kazi, akashika tama. Sijawahi kumwona mtu maji yamemfika shingoni namna ile kwa sababu ya spika. "Nifanye nini?" akawa anasema. "Shemeji, wewe umesikia ni yeye. Mimi nasikia ni yeye. Yeye peke yake ndiye hasikii. Nifanye nini?"

"Umsikilize anachosema!" nikamjibu, na hapo hasira zilikuwa zimenipanda kichwani. "Siku zinaisha umekaa kumsomesha boksi! Keti naye, mwongee! Muulize alitaka nini alipokuwa msichana, muulize kama alikupenda kweli au alikuonea huruma, muulize chochote! Jumatatu hiyo inakuja!"

"Ndiyo maana naharakisha," akasema. Maskini ya Mungu, alisema kwa dhati.

Ikabaki asubuhi ya Jumamosi. Jumapili angelazwa. Nyuma ya chumba kulikuwa na makasha mawili makubwa ya mbao, hayana mng'aro, kitambaa cha mbele kimefifia. Kimya alikuwa akiyapita tu. Aliniambia baadaye kwamba mafundi wanagombana juu ya makasha ya aina ile. Mbao zake zimefanywa nyembamba kwa makusudi, zinatetemeka pamoja na koni, na wengi wa siku hizi wanasema huo ni uongo, kasha linaongeza maneno yake. Wengine wanasema ndio uhai wenyewe. Yeye alikuwa upande wa wanaosema ni uongo. Aliyaunganisha siku hiyo kwa kuwa yalikuwa ndiyo yaliyobaki.

Kabla ya kupiga kitu, mdogo wangu aliomba kurekodi tena. Sauti ilikuwa imetoka vizuri kuliko siku zote, hata mimi nilishangaa. Kimya akavaa visikilizio, akafumba macho, akainua kidole. Mdogo wangu akasoma boksi lote bila kosa. Halafu hakuishia hapo. Alimwangalia mumewe pale alipofumba macho, akaisogelea maikrofoni, akasema maneno yake mwenyewe. Hayakuwa mengi. Mimi nilikuwa mlangoni, niliyasikia yote, na machozi yalinitoka bila kujua. Katikati ya maneno hayo pikipiki ikapita chini barabarani, ile mbovu isiyo na bomba la moshi, na mwishoni sauti yake ikapasuka, akakohoa.

Nilimwangalia Kimya. Ndita zilikuwa zimemjaa usoni. Nikadhani ni uchungu. Nikasema moyoni, afadhali, sasa yamemfika.

Akavua visikilizio. "Ile ya mwanzo ni safi sana," akasema. "Tusikilize."

Mdogo wangu alikuwa amechoka. Akatafuta pa kuegemea, hakufika kwenye kochi, akakaa sakafuni ubavuni mwa lile kasha kuukuu la mbao na kulilaza taya lake juu ya ukingo. Kimya akabonyeza. Mimi nilisikia sauti nene, ya joto, imezibwa kidogo kama mtu anayesemea jikoni nawe uko sebuleni. Nikajisemea, hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Mdogo wangu akafumbua macho. Akainua mkono. "Rudisha," akanong'ona.

Akarudisha.

"Huyu hapa." Akalikumbatia lile kasha kwa mikono miwili. "Mume wangu, huyu hapa. Ni mimi! Ndivyo ninavyojisikia!"

Kimya akaja mbio, akalaza na yeye taya lake kwenye mbao, halafu akaondoa, akalaza tena. Ndipo akaelewa. Sote tulikuwa tunamsikia kwa masikio. Yeye peke yake maisha yake yote alijisikia pia kwa mifupa, kwa taya na fuvu, na hiyo spika za bapa haziwezi kukupa, wala makasha ya mawe. Lilihitajika kasha linalotetemeka. Kimya alilia kwa sauti, akampigia bosi wake simu kumwomba ayachukue yale makasha nyumbani, na bosi, Mungu amjalie, akasema yachukueni tu.

Mdogo wangu alikuwa akicheka na kulia. Sauti ilikuwa imeisha kabisa. Siku iliyobaki alizungumza kwa macho, na Jumapili tukampeleka.

Upasuaji ulikwenda salama. Hayo mengine, mirija na maumivu na siku za kumwagilia uji kwenye bomba, yalipita. Akarudi nyumbani na kitambaa cheupe shingoni, tundu chini yake, hewa inaingia na kutoka hapo kwa mlio mdogo. Midomo yake niliielewa upesi. Nilikuwa nakwenda kila jioni nikitoka kwenye cherehani yangu, namsimulia umbeya wa mtaa mzima, yeye ananijibu kwa midomo na vidole na ananipiga kofi la bega nikitia chumvi.

Lakini ile nyumba ilikuwa imekufa. Kimya alikuwa anamhudumia kuliko muuguzi. Anamsafishia tundu, anampikia, anampangia mito. Ila hasemi. Nilikaa pale kuanzia alipoingia kutoka kazini mpaka giza linaingia, sikusikia neno. Kikombe anakiweka, anakaa, anaangalia ukuta. Mdogo wangu anamtazama, anatazama mlango, anamtazama tena. Nilimfuata jikoni. "Shemeji, mbona humsemeshi mkeo?"

"Nimsemeshe vipi?" akanijibu kwa sauti ya chini. "Mimi nina sauti, yeye hana. Nikifungua mdomo naona kama namringia. Naona haya. Nimeyaweka makasha tayari, nimeisafisha rekodi, daktari akiruhusu alale ubavu atajisikia. Hiyo ndiyo ninayoweza."

Daktari akaruhusu. Siku hiyo Kimya alinipigia simu nije. Nilikuta makasha mawili yamesimama sebuleni, mkeka umetandikwa ubavuni mwa moja, mto juu ya mkeka. Mdogo wangu alikuwa amevaa gauni nililomshonea lenye kola ya kufunika shingo. Akalala ubavu, akabandika taya kwenye mbao za kasha. Kimya akainua kidole, akabonyeza.

"Shika kwa uangalifu. Upande huu juu. Usiweke mahali penye unyevu. Chaweza kuvunjika."

Uso wa mdogo wangu ulikunjuka. Nasema ukweli, ulirudi nyuma miaka. Akafumba macho, akaweka kiganja juu ya kasha, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, ni mimi. Kimya alijifuta uso na mkono wa shati. Rekodi ikafika mwisho.

Mdogo wangu hakuondoa taya. Alikuwa anangoja. Akafumbua macho, akainua kidole kama mumewe anavyoinua, akasema kwa midomo: Na yale mengine?

"Anasema nini?" Kimya akaniuliza.

"Anauliza yale mengine."

"Mengine yapi? Boksi lote limo."

Midomo ikasema: Niliyokwambia wewe.

Nilimweleza. Kimya akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Nikaona damu inamtoka usoni kidogo kidogo. "Ile sehemu ya mwisho?" akasema. "Ile yenye pikipiki? Ile... niliikata. Kulikuwa na pikipiki, na mwishoni sauti ikapasuka. Nilitaka ajisikie akiwa safi. Nilikata vikohozi vyote, na vile vicheko vya mwanzo pia. Nikafuta." Akamgeukia mkewe. "Mke wangu, ulikuwa unasema? Mimi nilikuwa nasikiliza pikipiki."

Mdogo wangu hakupiga kitu wala hakutupa kitu. Akageuza uso upande wa ukuta, taya bado liko kwenye kasha lisilosema, na mgongo wake ukaanza kutikisika. Kilio chake hakina sauti sasa. Unasikia tu ile hewa shingoni, inaingia kwa haraka na kutoka kwa haraka. Ningelipa chochote nisiisikie.

"Shemeji," Kimya akaniangukia miguuni, kweli akaniangukia, mtu mzima na mvi zake. "Ulikuwepo mlangoni. Alisema nini? Niambie. Alisema nini?"

Nilikuwa na hasira ya kumwacha afe bila kujua. Nilitaka kumwambia akaulize pikipiki. Lakini mdogo wangu alikuwa ameunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ananitafuta, na alipopata ukingo wa kanga yangu akauvuta. Basi nikapiga moyo konde, nikakaa kwenye mkeka nyuma yake, nikasema. Nilitumia sauti niliyo nayo, ile ambayo watu walikuwa wakiikosea kwenye simu.

"Wewe mzee. Najua umefumba macho unasikiliza spika zako. Nikirudi nitakuwa bubu, utapata ile amani uliyoililia tangu tuoane. Lakini nakuomba, usije na wewe ukanyamaza. Mimi nitashindwa kusema, sitashindwa kusikia. Niongeleshe. Ukikosa la maana niongeleshe upuuzi. Ukininyamazia nitadhani na mimi mwenyewe nimeondoka. Umenisikia?"

Hapo mwisho ndipo sauti yake ilipopasuka siku ile, na yangu ikapasuka hapo hapo.

Kimya alibaki amepiga magoti. Jirani alikuwa akigonga sufuria, hakumnyamazisha. Akaangalia mashine yake, akaangalia makasha. Halafu akatambaa kwa magoti mpaka upande wa pili wa lile kasha, mkewe huku yeye kule, akabandika midomo kwenye ile mbao nyembamba.

"Ile feni ya baba yako," akaiambia mbao. Ilikuwa sauti mbovu, ya mtu anayelia. "Ile feni ilikuwa inagonga kweli. Lakini haikuwa siku ya kusema. Niliona dada yako anataka kucheka. Nilisema kwa sababu nilikuwa na woga, sikujua niseme nini mbele ya mzee. Na ule waya wa tarumbeta, nilikuwa naulegeza mimi. Wewe ulijua, si ulijua? Leo dukani alikuja mtu na kofia, kubwa, haipiti mlangoni..."

Akaendelea, upuuzi juu ya upuuzi, bila kupumzika, kana kwamba akinyamaza kidogo kuna kitu kitaanguka. Mimi niliweka kiganja changu kwenye kasha na nikasikia mbao inatetemeka. Mdogo wangu hakugeuka kumtazama, na ile hewa shingoni ilikuwa bado inakimbia, lakini taya lake hakuliondoa.